Makumbusho ya Nairobi: kwani yalijengwa na kina Leakey peke yao?

kaka_wa_Ngara:
Wakuu salaam. Naomba wajuzi wa historia mnisaidie maana nabishana na shemeji yangu na hakuna anayetaka kushuka. Yeye anasema makumbusho pale Museum Hill yalianzishwa na Leakey, mimi nakumbuka babu akiyaita Coryndon, sasa huyo Coryndon alikuwa nani, mwanasayansi? mlowezi? Halafu kingine, kila ukisoma habari za mifupa ya kale ni Leakey baba (Louis), Leakey mama (Mary), Leakey mtoto (Richard), kwani hapo hakukuwa na Mwafrika hata mmoja zaidi ya wa kufagia na kufungua geti? Mwenye habari amwage, hata ikiwa ndefu nitasoma yote.

mwalimu_mstaafu:
Shemeji yako amekosea. Makumbusho yalianza 1910 na wakati huo Louis Leakey alikuwa katoto ka miaka saba hivi huko Kabete, wazazi wake walikuwa wamisionari. Walioanzisha ni chama cha wapenzi wa viumbe na mimea kilichoundwa 1909, wazungu watupu, maafisa wa serikali, walowezi, wamisionari, watu wa kukimbizana na vipepeo wikendi na kuchuna ngozi za ndege, vitu vikawajalia nyumbani wakakosa pa kuviweka. Nyumba yao ya kwanza ilikuwa pale pale iliposimama Nyayo House leo (ndiyo, hiyo hiyo Nyayo House ya vyumba vya mateso enzi za Moi, jiwazie). Mwaka 1914 wakamleta kijana mmoja Mwingereza, Arthur Loveridge, kuwa msimamizi, huyu alikuwa mtu wa nyoka na mijusi. Pakawa padogo, 1922 wakahama, huko nako pakajaa.

Coryndon hakuwa mwanasayansi hata kidogo. Ni gavana, Sir Robert Coryndon, alitolewa Uganda akaletwa Kenya 1922 akafa 1925 akiwa bado ofisini. Mjane wake akachangisha pesa za kumkumbuka, serikali nayo ikaongezea, 1930 jengo likafunguliwa pale kilimani kwa jina la marehemu. Kwa hiyo babu yako alikuwa sahihi kabisa, jina lilibadilishwa baada ya uhuru tu ndipo yakawa Makumbusho ya Taifa.

Louis aliingia wakati wa vita vya pili, mwanzoni akisimamia bila mshahara, halafu 1945 akaajiriwa rasmi hadi 1961. Nampa haki yake kwa jambo moja: ni yeye aliyefungua mlango kwa Waafrika na Wahindi, kabla ya hapo lilikuwa jambo la wazungu na familia zao. Hata Jane Goodall, huyu wa sokwe wa Gombe, alianzia hapo hapo 1957 kama sekretari wake.

bi_Saumu:
Na msisahau Joy Adamson, yule wa simba Elsa, mume wake wa pili Peter Bally alikuwa mtaalamu wa mimea hapo Coryndon 😂 ile taasisi ilikuwa na mambo. Ila zile picha alizowachora watu wa makabila ya Kenya, mamia kwa mamia, mimi nikiziona huwa najiuliza wale waliokaa kuchorwa waliambiwa nini.

mtu_wa_Makueni:
Sasa niingie mimi maana hilo swali la pili linatuhusu sisi Wakamba 😀 Bro, umewahi kusikia jina Kamoya Kimeu? Kama hujasikia hapo ndipo tatizo lilipo. Mzee Kamoya aliajiriwa na kina Leakey 1960 kule Olduvai, Tanganyika, kijana tu asiyekuwa na masomo ya maana, na mwenyewe aliwahi kusimulia kwamba aliposikia kuna kazi ya kuchimba alidhani wanaenda kuchimba makaburi, na kwetu mifupa ya mtu aliyekufa huigusi hovyo. Akaenda hivyo hivyo. Miaka minne baadaye, Januari 1964, kule Peninj karibu na Ziwa Natron akaokota taya, taya kamili lenye meno, la kiumbe aina moja na Zinjanthropus, yule zamadamu wa Olduvai.

Halafu kuna 1984 magharibi mwa Turkana, mahali panaitwa Nariokotome. Siku ya mapumziko, wenzake wako kambini wanafua na kulala, yeye akaenda kutembea kwenye korongo la mto mkavu, akaona kipande kidogo cha fuvu rangi moja na kokoto zilizokizunguka. Wewe na mimi tungekikanyaga tukapita. Walipochimba wakatoa mifupa zaidi ya 100 ya kijana mmoja aliyekufa kama miaka milioni 1.5 hivi iliyopita, ndiye huyo mnamwita Turkana Boy. Mwaka uliofuata Kamoya akapewa nishani na shirika la National Geographic, aliyemkabidhi ni Reagan mwenyewe, Ikulu ya Marekani. Tangu 1977 ndiye alikuwa msimamizi wa maeneo yote ya kale Kenya chini ya makumbusho, kwa hiyo hakuwa wa kufagia.

Na hakuwa peke yake. Fuvu maarufu la Koobi Fora, mashariki mwa Ziwa Turkana, namba 1470, la 1972, aliyeliona kwanza ni Bernard Ngeneo. Kabla yao wote kulikuwa na Heselon Mukiri, Mkikuyu aliyefanya kazi na Louis tangu zamani, hata nyani wa kale wa kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, wanasayansi wakampa jina la *heseloni* kwa heshima yake. Shida ni kwamba gazetini inaandikwa "Leakey agundua".

mchaga_wa_Kijitonyama:
Majirani naomba nichomekee. Zinjanthropus mwenyewe aliokotwa Olduvai 1959, aliyemuona ni Mary Leakey, mumewe siku hiyo alikuwa na homa kambini. Fuvu likakaa Nairobi miaka kadhaa, Tanzania likarudi 1965, Mwalimu alikuwa hataki mchezo kwenye mambo hayo. Sasa lipo Dar, Makumbusho ya Taifa pale Shaaban Robert, na hayo nayo yalizaliwa kwa jina la mfalme wao George wa Tano kwa hiyo msijione peke yenu.

kaka_wa_Ngara:
Aisee @mtu_wa_Makueni asante sana, hilo jina Kamoya nilikuwa silijui na nimesoma shule zote hapa hapa Kenya. Ila nauliza tena, baada ya uhuru si ndiyo Waafrika walipaswa kushika usukani? Mbona Richard Leakey ndiye akawa mkubwa?

mwalimu_mstaafu:
Swali zuri na jibu lake lina utamu. 1967 hivi Richard alikusanya watu wenye ushawishi wakaunda chama cha marafiki wa makumbusho, lengo lao eti kuyafanya yawe ya Wakenya, maana bodi ilikuwa imejaa wazungu wa kizamani. Wakaahidi pauni 5,000, kama theluthi ya bajeti ya mwaka, mradi yeye apewe nafasi. Afisa wa serikali aliyesimamia makumbusho, Joel Ojal, alikuwa mwanachama wao, akaagiza Wakenya waanze kuingizwa kwenye bodi. 1968 mkurugenzi akawa nani? Richard, miaka 23, hana digrii. Kwenye karatasi ni Mkenya, kazaliwa Nairobi, huwezi kubisha. Na kusema kweli alifanya kazi, akakaa hadi 1989 Rais Moi alipompeleka kuongoza idara ya wanyamapori. Baada yake ndipo akaja Mohamed Isahakia na baadaye George Abungu, mwanaakiolojia.

mtu_wa_Makueni:
Richard na Kamoya wamefariki mwaka mmoja, 2022, Richard Januari na Kamoya Julai. Linganisha mwenyewe habari za Januari na za Julai.