Kulala msituni Udzungwa, njia ya Mwanihana, nijipangeje?

mdau_wa_moro
Wakuu habari zenu, mwezi wa nane nataka kwenda hifadhi ya Udzungwa na washkaji, siyo ile njia ya maporomoko ya Sanje ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, naongelea Mwanihana ya kulala msituni kabisa. Hatujawahi kulala porini. Tunaweza kwenda wenyewe?

Babu Kilombero
Wenyewe hapana mkuu. Mnajiandikisha pale Mang'ula, ofisini kwa hifadhi, na mnapewa askari mwenye bunduki, kule juu kuna tembo na nyati na msitu wenyewe mzito, mnyama anaweza kuwa hapo karibu na humuoni. Njia kama kilomita 38 kwenda na kurudi, siku 3, kilele kimepita mita 2,100. Mwezi wa nane umechagua vizuri, masika kule ni utelezi mtupu.

dada_hema
Naongezea hapo, usiku baridi inauma hata kama Mang'ula mliacha joto, kwa hiyo sweta na begi la kulalia zito msiache. Kabla ya kusimamisha hema kagueni chini kama kuna siafu, na zipu ifungwe muda wote jamani. Maji ya mtoni chemsheni. Taka zote mrudi nazo, ule msitu una ng'olaga wa Sanje, aina ya kima ambaye hayupo popote duniani zaidi ya milima hiyo, tumtunzie kwake.

mdau_wa_moro
Asante sana dada, asante mzee. Wapagazi wanapatikana palepale getini?

Babu Kilombero
Uliza ofisini mapema kabla hamjasafiri, usisubiri ufike.