Kolsaini ndefu kwenye FT8: tuwajibu au tuwapite?

SwichiWazi
Wakuu, hili la kolsaini (jina la stesheni hewani) ndefu kwenye FT8, mfumo wetu wa redio ya ridhaa wa kutumiana ujumbe mfupi kwa kompyuta, tulimalize. Mtu anaita CQ (yaani yeyote anijibu) PJ4/K1ABC, au kolsaini ya tukio kama YW18FIFA, na watu wanampita kama hawamsikii. Hoja yao ni kwamba mawasiliano nao hayakamiliki, unaishia kukodolea macho <...> kwenye skrini. Tuwajibu au tuwapite?

KichwaMoto
Wapiteni. Ujumbe wa FT8 una biti 77 tu, na kolsaini ya kawaida inatosha kwenye 28. Hizo ndefu kama treni zinakula zamu mara mbili. Na hao wanaobandika /QRP, yaani nguvu ndogo, ndio wabaya zaidi, wanaombaomba huruma hewani.

WatiTano
Huruma ya nani? Kila mwenye wati 5 ni ombaomba? Nyie wenye amplifaya za feni tatu mnawafunika wenzenu halafu mnaita ustadi.

DipoliBapa
Tusilishane matango pori. Hakuna zamu mara mbili. Hesabuni:

CQ PJ4/K1ABC
<PJ4/K1ABC> W9XYZ
W9XYZ <PJ4/K1ABC> +03
<PJ4/K1ABC> W9XYZ R-08
<W9XYZ> PJ4/K1ABC RRR
PJ4/K1ABC <W9XYZ> 73

Hizo +03 na R-08 ni ripoti za nguvu ya mawimbi, RRR ni nimepokea yote, 73 ni kwaheri. Sita, sekunde 15 kila mmoja, dakika moja na nusu. Sawa na kolsaini fupi, unachokosa ni gridi, ule msimbo wa mahali ulipo. Ndefu ikitoka kamili, hadi alama 11, inachukua biti 58, na mwenzake anabaki na heshi (msimbo mfupi unaokokotolewa kutoka kwenye kolsaini) ya biti 12 ndani ya mabano. Ripoti haipati pa kukaa. Ndiyo maana kwenye ripoti mambo yanageuka, ndefu ndiyo inayoingia mabanoni.

WatiTano
Zamu mara mbili imekufa. Sasa aliyesema ombaomba aombe radhi.

KichwaMoto
Siombi. K1ABC ni ya kawaida. Ukiandika K1ABC/QRP umejitoa mwenyewe kwenye kawaida na kuitupa gridi ya CQ yako, kisa kutangaza wati. Na LoTW, mfumo wa mtandaoni wa kuthibitisha mawasiliano, inazihesabu kama kolsaini mbili. Usipokuwa na cheti cha hiyo yenye mkia, aliyekujibu hapati uthibitisho. ITU yenyewe, shirika la kimataifa la mawasiliano, haizitambui hizi ndefu, ni haramu tu.

SikioLaMbali
Hapo kwenye ITU polepole, mkuu. Kanuni za Redio, namba 19.68: baada ya tarakimu, alama zisizozidi 4, ya mwisho iwe herufi. FT8 inakubali herufi 3 tu. Kwa hiyo kolsaini yenye herufi 4 mwishoni ni halali kabisa, ila WSJT-X, programu ya FT8, inaiita isiyo ya kawaida. Na 19.68A inaruhusu kuzidi 4, kwa muda, kwenye matukio maalumu. Hata 3DA0 ya Eswatini haikuingia kwenye biti 28, ikabidi programu iigeuze 3D0 kimyakimya. Nayo haramu?

KichwaMoto
Nani kaitaja Eswatini hapa?

SikioLaMbali
Umetaja ITU. Ukiitaja, uisome.

SwichiWazi
Ndugu zangu, niliuliza kuhusu <...>.

DipoliBapa
<...> maana yake heshi imefika lakini programu yako haijaisikia kolsaini kamili tangu uifungue. Heshi haifumuliwi kurudi nyuma, kwa hiyo usihangaike kubofya mstari huo. Subiri CQ yake, au RRR yake kwa mtu mwingine, hapo inatoka nzima. Kama tayari unaijua, iandike yote pamoja na mkwaju kwenye kisanduku cha DX Call, kisha bofya Generate Std Msgs. Ukiacha PJ4/ ukaandika K1ABC tupu, logi zenu hazitaoana.

Na nyie wenye ndefu: mkimjibu mtu, msiruke Tx1, ujumbe wa kwanza wa kujibu. Ukianza na ripoti, kolsaini yako imo mabanoni, yeye anaona <...> -10. Amjibu nani? Mwenye fupi anaweza kuiruka bila hasara, kolsaini yake iko wazi kwenye ripoti.

SwichiWazi
Na wote wawili wakiwa na ndefu?

DipoliBapa
Hapo ndipo panapokwama kweli. Ripoti haipiti. Labda ujumbe huru wa alama 13, au mmoja atumie kolsaini yake ya msingi kama leseni inamruhusu.

KichwaMoto
Kwa hiyo umekiri zinakwama. Na heshi ya biti 12 ina thamani 4,096 tu, kolsaini mbili zinaweza kugongana, skrini ikakuonyesha jina lisilo lake. Hilo mbona hulisemi?

DipoliBapa
Ni kweli, linatokea. Ndiyo maana usiandike logi kabla hujaiona kolsaini kamili kwenye RRR.

SikioLaMbali
RRR? Siku hizi nani anatuma RRR? RR73, yaani RRR na 73 kwa pamoja, inamaliza kazi, unaokoa zamu moja.

DipoliBapa
Unaokoa zamu, unapoteza uhakika. Ukituma RR73 ukazima, na haikufika, mwenzako anaendelea kurudia R-08 kwa mtu ambaye ameshaondoka. Kwa ndefu ni kosa kubwa zaidi, kwa sababu ndio ujumbe wako pekee baada ya CQ unaoitaja yote.

SikioLaMbali
Akirudia R-08 si ninamtumia tena? Nani kakwambia nazima?

WatiTano
RR73 ni gridi iliyo katikati ya Bahari ya Aktiki. Kapigeni kambi huko. Mimi bado nasubiri radhi yangu.