Intaneti ya nyumbani shamba Pemba: ruta ya laini, dishi la Starlink au kuvuta kutoka mjini?

bintishumba
Asalam aleykum jamani. Nnarudi Pemba mwezi wa pili inshallah nikae na wazee miezi sita, nyumba yetu iko Shumba, Micheweni, si barabarani khasa unaingia ndani kidogo kwenye minazi. Kazi yangu ya huku Uingereza wamenikubalia niifanye nikiwa huko lakini kwa sharti intaneti isikatike katike, maana nna vikao vya video kama masaa matatu kwa siku, na mwanangu ana masomo yake mtandaoni. Sasa nikiuliza nyumbani kila mtu ana lake, kaka anasema ruta ya laini inatosha, shemegi ananambia nibebe dishi la Starlink, ile intaneti ya setilaiti, kwenye sanduku nikifika naliwasha tu basi, na ami yangu yuko Wete anasema kuna vijana wanaweza kuvuta intaneti kutoka mjini kwa antena. Naomba wenye uzoefu wa shamba, Mjini najua ipo.

Yakhe_Wete
Waaleykum salaam dada, karibu nyumbani. Dishi usibebe. Mpaka hii Desemba 2024 Starlink hawajapewa leseni Tanzania, Kenya wameanza tangu Julai 2023 na Msumbiji nao wanayo, sisi tuko katikati tunaangalia tu. Ile roam ya Uingereza, yaani kifurushi cha kusafiri nacho, inafanya kazi kwenye nchi zilizofunguliwa, na hata huko ukikaa zaidi ya miezi miwili nje wanakutaka uhamishe akaunti. Sasa wewe unakaa sita. Na forodha wakikuuliza boksi hilo la nini utawajibu nini?

Mkaskazi_Nungwi
Yakhe lakini siku ikija rasmi hakuna kitakachoishinda kwa shamba, tuseme ukweli. Setilaiti zao ziko chini, kama kilomita 550, ndo maana unazungumza kama mko chumba kimoja. Zile VSAT, madishi ya zamani, setilaiti zao ziko kilomita 36,000 juu, ukisema "hallo" nusu sekunde nzima inapita na zaidi kabla ya kusikia jibu, kikao cha Zoom hakiendi hivyo mnakuwa mnakatishana maneno kutwa.

Yakhe_Wete
Sibishi ubora wake. Ila nayo si dawa ya kila kitu, Novemba 2024 Nairobi na maeneo ya jirani walisimamisha kuunga wateja wapya, watu wamejaa. Na Kenya mwaka huu wa 2024 wanalipa shilingi zao 6,500 kwa mwezi kwa kifurushi cha kawaida, ipige kwa hela yetu uone.

fundi_machomane
Dada mie nafunga hivi vitu Chake na mashamba, nikwambie ninavyoona. Watu wanaanza kwa kuuliza "kampuni gani nzuri" na hilo ndo swali linalowapoteza, maana kampuni nzuri Chake inaweza ikawa haina kitu Shumba. Pemba ina vilima na mabonde, mtu yuko juu ya kilima ana vibaa vinne, jirani yake yuko bondeni mita mia mbili hapati hata meseji. Huko kwenu Micheweni afadhali kumetandaa kuliko Mkoani, ila minazi na miembe nayo inakula netiweki, hasa ikiwa majani yamerowa mvua.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote mpe kaka yako laini tatu tofauti na simu moja ya Android, apige *#*#4636#*#* aingie taarifa za simu (simu nyingine haikubali, basi apakue programu yoyote ya kupima netiweki), atafute namba inaitwa RSRP, ndo nguvu ya netiweki inayofika kwenye simu. Inakuja na kutoa mbele. Ikiwa -85 au -90 uko vizuri, ikifika -110 hapo ni taabu tupu. Apime ndani, apime nje, halafu apande juu ya dari au ngazi apime tena. Utashangaa mita nne tano za kupanda zinavyobadilisha mambo. Na apime spidi usiku saa 2 au saa 3 watu wote wakiwa kwenye simu zao, spidi ya asubuhi haikusaidii kitu.

Ruta usiweke sebuleni juu ya kabati. Kama nyumba netiweki ni dhaifu tafuta ruta ya nje, boksi moja modemu na antena vimo humo humo, unalifunga juu ya bomba la chuma na kinashuka waya mmoja tu wa mtandao unaobeba data na umeme pamoja, waya ule unafika mpaka mita 100 bila shida. Wengi wananunua antena ya nje halafu wanaivuta kwa waya mweusi mrefu mpaka ndani, ule waya wenyewe unakula faida yote uliyoipata kule juu. Ukinunua huko Uingereza hakikisha haijafungiwa kampuni moja na iwe inashika bendi ya 20 na ya 28, yaani MHz 800 na 700, masafa ya chini yanakwenda mbali na yanapenya miti kuliko 1800 au 2600.

mzeewakiuyu
Nyie mnamtisha mtoto wa watu. Mie nipo Kiuyu natumia simu yangu hotspoti, naiweka dirishani upande wa mnara, wajukuu wanaangalia katuni na mie naongea na vijana wangu Muscat kwa video kila Ijumaa. Mambo ya RSRP sijui nini sijawahi kuyasikia.

bimkubwa77
Mzee wangu shikamoo, lakini yeye ni ajira, wewe ukikatikiwa unampigia tena mwanao, yeye akikatikiwa kikaoni mara mbili bosi anamwambia rudi ofisini 😂

Mie nna la umeme, sijaona mtu kaligusa. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, siku ukizima unazima, na hata usipozima kuna tukuza, umeme wa kulipia kabla, kuisha usiku hujui. Ruta inakula kama wati 10 hivi, betri ndogo ya volti 12 ya Ah 20 na paneli ya sola inakuvusha usiku mzima na unaamka bado ipo. Dishi la Starlink linakula wati 75 mpaka 100, kwa betri hiyo hiyo ni masaa mawili au matatu umekwisha. Kwa hiyo hata likiruhusiwa kesho lazima uhesabu na sola yake. Vile vibetri vidogo vya ruta vya kuchomeka moja kwa moja huko Uingereza vipo tele, beba, na plagi zao ndo zile zile zetu za pembe tatu.

bintishumba
Bimkubwa Allah akujaze kheri, hilo la umeme nilikuwa nimelisahau kabisa. Na vipi lile la ami yangu la kuvuta?

Mkaskazi_Nungwi
Hilo lipo, huku Kaskazini hoteli zinafanya. Unatafuta mtu mwenye faiba, yaani intaneti ya waya wa mkongo, mnaweka kiantena kwake na kingine kwako vinatazamana, masafa ya 5 GHz, kilomita tano hata kumi inakwenda kama hakuna kizuizi.

fundi_machomane
"Kama hakuna kizuizi" ndo neno zima hapo. Wete mpaka Shumba ni mbali na katikati kuna vilima na mikarafuu, viantena lazima vionane macho kwa macho na si tundu la sindano, panatakiwa nafasi pana katikati ya njia. Labda apatikane mtu Konde au Micheweni yenyewe mwenye laini nzuri. Na bado utajenga mnara wako, uongee na sheha, radi, chumvi ya bahari inakula chuma, na akihama yule wa upande wa pili umebaki na bomba la kuanikia nguo. Kwa miezi sita sikushauri. Faiba kama faiba, mkongo wa serikali ulio chini ya ZICTIA, wakala wa miundombinu ya mawasiliano Zanzibar, unapita Unguja na Pemba, ila mkongo kupita barabarani ni kama bomba la maji kupita mbele ya nyumba, hunywi mpaka uungiwe, na kuunga nyumba moja moja za shamba bado hatujafika.

Yakhe_Wete
Halafu faiba nayo watu wanaitukuza mno. Mei 2024 kebo za EASSy na Seacom zinazoleta intaneti huku kwetu zilipokatika baharini wenye faiba na wenye bando wote tulikaa tunatazamana.

Dada kuhusu bando. Vikao vya watu wengi kwa picha nzuri weka GB 1 mpaka 2 kwa saa, masaa matatu kwa siku za kazi unakula kama GB 65 mpaka 130 kwa mwezi, na mtoto bado hajafungua YouTube. Ukiambiwa kifurushi hakina kikomo uliza kikishapita GB ngapi spidi inashushwa mpaka ngapi. Mie kampuni moja siitaji iliniuzia "bila kikomo", tarehe kumi ya mwezi ikawa WhatsApp yenyewe inazunguka tu, na nikilalamika naambiwa nizime niwashe.

bintishumba
Hahaha haya. Na laini nisajili vipi, NIDA sina, nilishachukua pasi ya huku.

Yakhe_Wete
Uraia pacha hatuna kwa hiyo mbele ya msajili wewe ni mgeni, unasajili kwa pasi yako na alama za vidole. Usitumie laini ya mtu mwingine, ikija kufungwa utahangaika. Na ukifika usitafute Zantel, Novemba 2024 wamegeuza jina wao na Tigo sasa zote Yas, laini za zamani zinafanya kazi kama kawaida.

fundi_machomane
Sajili mbili za kampuni tofauti, zile mbili zitakazopimwa vizuri nyumbani kwenu. Moja kwenye ruta juu ya bomba, ya pili kwenye simu na bando dogo la wiki, ya kwanza ikilala katikati ya kikao unawasha hotspoti. Hii ndo jibu langu kwako.

mzeewakiuyu
Si ndo hotspoti hiyo niliyosema mie.

fundi_machomane
Ndo hiyo mzee 😂

bintishumba
Kaka nshamtumia ujumbe, anasema Jumamosi usiku atapanda juu ya dari la jiko maana ndo refu. Laini anazo mbili ya tatu anaazima.

fundi_machomane
Sawa. Mwambie apige picha ya skrini kila anapopima, aandike ni laini gani na alikuwa wapi, ndani au juu, asije akakwambia tu "inashika". Ukizipata ziweke hapa hapa tuzitazame kabla hujatoa hela ya ruta.