UZI: Krimu ya ganzi mkono wa kulia, sindano kachoma mkono wa KUSHOTO!

Mama_wa_Fuoni:

Wakuu, niacheni niseme kabla sijapasuka. Nimerudi spitali sasa hivi, hata buibui sijavua. Mtoto kalala, mkono wa kushoto kaukunja kifuani kama kifaranga kilichovunjika bawa.

Yule simtaji. Mnamjua. Kila aliyepeleka mtoto kutolewa damu pale anamjua, wa ndara za kijani, anayeita majina kama ananadi papa Darajani. Huyo huyo.

Mwanangu ana miaka 7 na ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Keshachomwa sindano nyingi kuliko miba ya mchongoma. Akiona pamba tu anatetemeka. Mjomba wake kaniletea kutoka Dar, kwa boti, tyubu la gramu 5 la krimu ya ganzi, ile yenye lidokeini na prilokeini. Karatasi yake nimeisoma neno kwa neno: paka kwa unene, usisugue, funika kwa plasta isiyopitisha hewa, ngoja saa nzima ndipo achomwe. Basi saa 12 na nusu asubuhi nishampaka kwenye kunjo la mkono wa kulia, nimefunika, na saa nimeiandika kwa kalamu juu ya plasta. Ndani ya daladala mtoto kaunyoosha mkono kama kabeba sahani ya mayai, hataki hata konda amguse. Akanambia, "Mama, leo silii." Siku ya kwanza tangu azaliwe!

Saa 2 na robo tukaitwa. Ganzi imekolea, namfinya wala hana habari. Yule akabandua plasta. Chini ngozi imekuwa nyeupe, duara kama sarafu ya shilingi 200. "Hii nini?" Nikamwambia krimu ya ganzi, dada. Akachukua pamba, akafuta, akatupa. "Mishipa ya huku imejificha." Halafu, wakuu, akauvuta mkono wa KUSHOTO akachoma!

Kushoto! Ambako hakujapakwa hata kitone! Kilio kile wavuvi wa Kizimkazi wamekisikia. Nikamwambia dada, huko hakuna ganzi, naye sindano ishaingia, akanijibu bila ya kuinua kichwa: "Kwani huyu kazaliwa Ulaya?"

Mkono wa kushoto, jamani. Nimengoja saa 1 na dakika 45, nimeamka usiku, mjomba kavuka bahari, na yeye kaenda mkono wa kushoto. Tumetoka nje mtoto hasemi. Tumefika kituoni ndipo kaniangalia, kanambia: "Mama, ulisema mkono huu." Sina cha kumjibu. Kesho kutwa nimwambie nini? Nani atakaa tena anyooshe mkono?

Kushoto!!!

Popobawa_Mstaafu:

Pole sana. Lakini bibie, mtoto ana mikono miwili, tyubu lina gramu 5, kwa nini umepaka mmoja?

Mama_wa_Fuoni:

Kwa sababu kila siku anachomwa KULIA! Mshipa wake mzuri uko kulia, yeye mwenyewe ndiye anayemchoma kulia! Leo ndo kaijua kushoto?

Karafuu_Kavu:

Mnalea mayai siku hizi. Mimi nimetahiriwa kwetu Wete, ganzi yangu ilikuwa ngoma. Walipiga kwa nguvu nisisikike. Leo nipo, nna watoto watano.

BintiNg'ambo:

@Karafuu_Kavu na ukipelekwa kupimwa malaria kidole chako unakificha mfukoni, mkeo katusimulia.

Karafuu_Kavu:

Muongo huyo.

Dirisha_la_Dawa:

Nauza dawa, niseme kidogo. Mama hujakosea muda. Krimu ile ndani ya saa 1 inafika kama milimita 3, ukingoja saa 2 inafika kama 5. Na ukishaifuta ganzi haiondoki pale pale, unayo saa 1 au zaidi. Ile nyeupe uliyoiona ni kawaida yake, mishipa midogo inasinyaa, ndo maana kaona imejificha. Alitakiwa asubiri dakika chache, auweke mkono chini, au kitambaa cha vuguvugu, mshipa unarudi. Lakini Popobawa naye kasema kweli: watu wanapaka sehemu mbili, moja ikigoma wanahamia ya pili. Kuna nyingine ya tetrakeini, ile inafanya kazi kwa dakika 30 mpaka 45 na ngozi inakuwa nyekundu badala ya nyeupe, mishipa haisinyai. Huku kuipata ni kazi. Na wenye vichanga msisikie hapa mkakimbilia kupaka: prilokeini ikizidi kwa mtoto mchanga damu inashindwa kubeba oksijeni, midomo inageuka buluu. Kwanza daktari.

Mama_wa_Fuoni:

Ahsante kaka. Dakika chache! Mimi nimengoja saa 1 na dakika 45, yeye dakika chache zimemshinda!

Zamu_ya_Usiku:

Na mie ni nesi, si huyo, na simtetei kauli yake. Ila foleni imefika mlangoni, kila mmoja anasema anawahi kazini, halafu unakuja na plasta imeandikwa saa. Ungesema mapema umeshampaka.

Mama_wa_Fuoni:

Nimesema mlangoni! Nimesema dirishani! Mfagizi alijua!

Ng'ombe_wa_Paje:

Hiyo krimu nimeiona saluni moja, wanajipaka kabla ya kung'olewa nywele za miguu. Dada yangu alijipaka mguu mzima na nailoni ya kufungia chakula juu yake. Akasikia kizunguzungu, wakampepea kwa ungo.

Dirisha_la_Dawa:

Mkataze! Si mafuta ya nazi hayo. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari: wanawake wawili walijipaka miguu krimu za ganzi, wakaifunga nailoni, waende kuondolewa nywele kwa leza. Wakapata degedege, wakaingia koma, wakafa. Sehemu ndogo tu, na ngozi isiwe na kidonda.

BintiNg'ambo:

Saluni hizo ndo nataka nizisemee. Mimi mmoja kaniunguza kichwa kwa dawa ya nywele wiki ya harusi ya mdogo wangu, halafu anadai na ya kuoshea. Simtaji, mnamjua.

Ng'ombe_wa_Paje:

Wa Kikwajuni?

BintiNg'ambo:

Simtaji.

Karafuu_Kavu:

Nyie wa Unguja mna saluni za kuwaunguza na spitali za kuwafutia krimu, mnalalamika. Sie Pemba mtu akiandikiwa kipimo anaambiwa nenda mjini. Unalala kwenye boti na mgonjwa, mizigo miguuni, juu yako mtu kaning'iniza kikapu cha pweza kinamtonea bibi yako kilemba.

Popobawa_Mstaafu:

Pweza wabichi au wakavu?

Karafuu_Kavu:

Wakavu watatona vipi wewe?

Mama_wa_Fuoni:

Jamani tulikuwa kwenye mkono wa kushoto. Mtoto kaamka sasa hivi, kaniuliza tyubu liko wapi. Anataka litupwe.

Zamu_ya_Usiku:

Usitupe dada. Mpake wewe mwenyewe kwanza mbele yake, nyie wawili, ajifinye na akufinye. Na siku ijayo paka yote miwili.

Ng'ombe_wa_Paje:

Huyo mwenye pweza kapanda boti ya siku gani? Maana na mimi kikapu changu kilipotea Mkoani.