Uliwahi kula mgao wa wakimbizi wiki nzima ili uchangiwe? Tupeane uzoefu

Habari zenu wadau. Juni hiyo inakuja, tarehe 20 ni Siku ya Wakimbizi Duniani, na nishaanza kupokea meseji za "nichangie bwana, nakula kama mkimbizi". Kwa ambaye hajawahi kusikia, ni kwamba unakubali kwa siku kadhaa kula kile kile anachopewa mkimbizi kambini, mchele, unga, dengu, maharage na mafuta kidogo basi, watu wako wanakuchangia na hela inaenda kwa shirika linalohudumia wakimbizi. Inayojulikana sana ni Ration Challenge ya shirika la Act for Peace la Australia, mgao wao wameuiga ule wa wakimbizi wa Syria walioko Jordan.

Mimi nilifanya siku saba, nikamaliza kwa mbinde. Na njaa wala sio iliyonitesa, ni kahawa! Siku ya pili saa nne asubuhi kichwa kinagonga, niko kwenye kikao sisikii mtu anasema nini, macho yote kwenye kikombe cha jirani. Halafu nilikosea hesabu ya mafuta, siku mbili za mwanzo nilikaanga vimkate kwa raha zangu, kufika ya tano chupa naigeuza kichwa chini nasubiri itone. Sheria yetu ilikuwa michango ikifika kiwango fulani unaruhusiwa kuongeza kitu kidogo, mimi nikachagua pilipili manga, kijiko kimoja, nikakigawa kwenye vikaratasi vitatu nikavikunja kama dawa. Mwenzangu akaja jikoni akacheka mpaka akakaa chini.

Haya na nyie leteni zenu, hata walioshindwa.

bintiAmana
Mimi mkuu siku ya tatu tu nilikuwa nimeshatoka. Kulikuwa na harusi ya ndugu na sikuangalia kalenda kabla ya kujiandikisha. Nikajisemea nitakaa nitazame tu... sahani ikapita mbele yangu, sijui hata mkono uliondokaje. Niliwaandikia wote walionichangia nikakiri, hakuna hata mmoja aliyedai hela yake, mmoja akaongeza akisema ukweli wangu umemfurahisha kuliko chalenji yenyewe.

Kiberiti_Kimoja
Shida yangu haikuwa chakula ilikuwa hela. Niliona mambo ya kutuma linki ya shirika ni usumbufu, nikaweka namba yangu ya simu, nikasema nitakusanya halafu nitume kwa mkupuo. Kosa kubwa. Wiki haijaisha shemeji yangu kwenye grupu la familia anauliza "hivi hiyo hela iko wapi", kiutani utani, lakini ukishaulizwa hivyo mbele ya wakubwa zako utani unaisha. Nikapiga picha miamala yote, risiti ya shirika, nikabandika. Ikanyamaza kimya, ila mpaka leo nikiomba mchango wa kitu chochote naona watu wanapunguza mwendo. Na wale walioahidi "maliza kwanza nitakupa" nusu yao sijawaona hadi leo. Kwa hiyo ushauri wangu, linki ya shirika lenyewe, na uombe kabla hujaanza, watu wana huruma siku ya kwanza, ukishamaliza na umeshiba nani atakukumbuka.

Nesi wa Zamu
Naongeza kidogo tu. Mwenye kisukari, mjamzito, anayenyonyesha, aliyewahi kusumbuliwa na kujinyima kula, hii sio yenu, changieni mwenzenu. Na anayeanza apunguze kahawa na sukari taratibu wiki moja kabla, ile ya kichwa kugonga wengi inawapata kwa kuacha ghafla. Maji kunyweni.

kadi namba sita
Nimesoma nikacheka, nikasema na mimi nichangie, kwa sababu huo mgao mimi nimeukulia. Nimekaa kambini kuanzia nikiwa na miaka mitano mpaka kumi na nne. Sita ni idadi yetu kwenye kadi ya mgao, mama alikuwa anaishikilia kuliko kitu kingine chochote ndani ya nyumba.

Sijakasirika na hizi chalenji, kuna wenzangu wanaona ni dharau, mimi naona hela ikifika imefika. Ila kuna vitu kwenye boksi lenu la mgao havimo. Sisi tulikuwa tunapewa mahindi ya punje, sasa punje hailiki, lazima ukasage, na mwenye mashine anataka chake, kama huna hela anapima humo humo kwenye mahindi yako. Kwa hiyo mgao unapungua kabla hujafika nyumbani. Maharage nayo yale makavu yanataka moto masaa, kuni hazigawiwi za kutosha, mama alikuwa anauza sehemu ya maharage anunue kuni za kupikia maharage yaliyobaki. Sikia hiyo hesabu. Mafuta yanakuja kwenye kopo limeandikwa haliuzwi, na ndio kitu cha kwanza kuuzwa, maana sabuni utaipata wapi.

Na mgao kamili wenyewe WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, wanaupigia hesabu ya kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, lakini wafadhili wakipunguza na wao wanapunguza. Tumekula nusu miezi. Hapo ndio utaona watu wazima wanalala mapema.

Sufuria_la_Chuma
Pole sana ndugu yangu. Nilitaka kuongeza kwamba sio kambi zote bado ni magunia, kwingine wanapewa hela kwenye kadi wanachagua wenyewe dukani, kule kambi ya Zaatari Jordan mwaka 2016 walianza kulipia kwa kuchunguliwa mboni ya jicho, kadi hata hutoi mfukoni.

kadi namba sita
Hiyo nimeisikia kwa jamaa zangu, na wanaipenda kwa sababu moja tu, mtu anachagua. Miaka tisa sijawahi kuulizwa ninapenda kula nini.

Mwanzisha uzi
Aisee ya mashine ya kusaga sikuijua kabisa. Basi mwaka huu narudia lakini mgao ukifika natoa kwanza sehemu ya unga na maharage naweka pembeni kama nimelipia mashine na kuni, nile kinachobaki. Mkuu wa kadi sita, nitoe kiasi gani?

kadi namba sita
Robo inatosha kuanzia. Na mafuta toa nusu, hujanunua sabuni.