Mrejesho: makaburi ya ukoo kule Pangani, mawe yamesomeka

Wakuu, niliuliza namna ya kusoma maandishi ya Kiarabu yaliyolika kwenye makaburi ya zamani kijijini kwetu, natafuta upande wa babu mzaa baba. Basi nimeshaenda na nimerudi.

Aliyesema niache brashi ya waya na jiki Mungu ambariki, mawe yenyewe ya chokaa yangemomonyoka yote. Tulifyeka vichaka kwa ruhusa ya wazee wa msikiti, tukamwagia maji matupu, tukapangusa ukoga kwa brashi laini. Saa sita mchana huoni kitu, jua liko utosini, ila asubuhi mwanga ukija wa ubavu herufi zinanyanyuka zenyewe! Penye kivuli, dogo mmoja alishika kioo cha kabati akaelekeza jua pembeni, picha zikatoka safi.

Jiwe moja, la mzee anayesimuliwa na shangazi, lina 1345, hiyo Hijria (kalenda ya Kiislamu), inaangukia Julai 1926 hadi Juni 1927, kwa hiyo ile stori ya shangazi kwamba mzee alikufa vita ya Wajerumani, iliyokwisha kabla ya hapo, haisimami (sijamwambia bado 😅). Angalieni sana 2 na 3 za Kiarabu, zikilika zinafanana.

Makaburi yasiyo na maandishi bibi mmoja alitaja majina ya waliozikwa huku namrekodi, nimeyapigia pini kwenye simu na kuyaandika kwenye safu ya peke yake, "kwa kauli ya bibi", nisichanganye na yaliyosomwa.

Bado jiwe moja limelala kifudifudi, wazee wamesema lisiguswe, nimeliacha.