Bomba la chuma la choo: nikate kipande au nivunje sakafu?

Habari zenu wakuu, naomba ushauri.

Nyumba ya marehemu baba hapa Moshi bado ina bomba la maji taka la chuma la zamani, inchi 4, linalopita chini ya sakafu ya terazo hadi kwenye chemba. Tangu masika choo kinarudisha maji. Fundi amezibua kwa waya mara mbili, ukatoka na magamba ya kutu. Karibu na chemba bomba limeoza kwa chini, kidole kinaingia!

Fundi mmoja anasema tukate hapo tuunge la plastiki kwa mpira na klampu. Mwingine anataka kuvunja sakafu yote (terazo ile, jamani).

Je, chuma kilichochoka hivyo kitahimili grainda bila kupasuka? Na nitajuaje kutu imefika wapi kabla sijavunja?